Safu ya Aliyejibu

Ujumbe wa Mwanaidi ulinikuta jikoni nikichagua mchele, miwani imeteremka hadi ncha ya pua. "Innalillahi. Bwana Gulam katutoka alfajiri. Anazikwa leo baada ya Adhuhuri." Hakuandika zaidi, na Mwanaidi si mtu wa kuandika machache. Nikausoma ujumbe ule mara tatu, nikaiweka simu juu ya jokofu, nikaendelea na mchele wangu kana kwamba chuya zake ndizo zilizonihusu siku ile. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, marehemu yuko Tanga. Hata ningepanda basi dakika ileile nisingewahi maziko. Hilo nililijua, na nasema kwa aibu kwamba kwa muda mfupi lilinipa nafuu. Kisha nafuu yenyewe ikanichoma. Nikakaa chini sakafuni, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikalia.

Nilikuwa na neno la kumwambia, na nimelibeba kwa zaidi ya miaka arobaini. Neno lenyewe si refu. Kosa lililomtoa Bwana Gulam kwenye chumba cha kompyuta lilikuwa langu, na siku alipohojiwa mbele yangu mimi nilinyamaza. Yeye alijua kuwa ni mimi. Nami nilijua kwamba anajua. Lakini sikuwahi kulitamka, na kila nilipokwenda Tanga, kwa harusi au kwa ubarikio wa mtoto wa fulani, nilihakikisha safari zangu haziniingizi barabara yake ya Ngamiani. Niliwahi kununua vitambaa vya mapazia kwa bei ya kuumiza huko sokoni, nikijua duka la familia yake linavyo, na bora zaidi. Sasa aliyebaki wa kuambiwa alikuwa binti yake, Shirini. Nikaapa kwamba siku saba hazitapita.

Sitalitaja shirika lililotuajiri. Lilishakufa siku nyingi, na waliokufa nalo hawana haja ya kusumbuliwa na kumbukumbu zangu. Ofisi ilikuwa jengo la ghorofa moja lililotazama njia ya bandarini, na kazi yake ilikuwa mkonge: kupokea marobota kutoka mashambani, kuyapima, kuyapanga kwa daraja na kuyapeleka melini. Juu, mwisho wa ukumbi, palikuwa na chumba chenye mlango mzito, na ndani yake kompyuta moja iliyokuwa kubwa kuliko chumba nilichopanga Usagara. Tulivua viatu mlangoni. Kiyoyozi kilivuma mchana kutwa kwa ajili ya mashine, wala si kwa ajili yetu, na baridi ilikuwa ya kutetemesha meno. Nje watu wanajipepea kwa magazeti; sisi ndani tumevaa sweta. Sweta ya Bwana Gulam ilikuwa ya kahawia, ameifuma mkewe, na ilining'inia kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Msumari wangu ulikuwa wa pili. Nilipopewa msumari ule, mwanzoni mwa mwaka ninaousimulia, nilijiona nimefika.

Ni lazima niseme kidogo kazi yenyewe ilivyokuwa, maana vijana wa leo nikiwaambia nimeendesha kompyuta bila skrini wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Kila kitu kiliingia mashineni kwa kadi za karatasi ngumu, zilizotobolewa matundu. Mwanaidi, mzaliwa wa Ngamiani mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, ndiye aliyezitoboa. Bunda zima la kadi, linalotoka mwanzo hadi mwisho wa shughuli moja, tuliliita kazi. Unaliweka bunda kwenye trei ya msomaji, yaani ile mashine ya kuzisoma kadi, nayo inazimeza moja moja kwa kelele ya mvua juu ya mabati. Pembeni palikuwa na konsoli: taipureta kubwa iliyounganishwa na mashine, ambayo kwayo mashine iliandika habari zake na opereta aliandika amri zake. Anzisha kazi hii. Simamisha ile. Achia diski ya pili. Aliyekaa kwenye konsoli ndiye aliyekuwa bwana wa chumba kizima, na bwana huyo alikuwa Gulam.

Alikuwa mfupi, mwenye kipara kilichong'aa, amezaliwa Tanga na baba yake amezaliwa Tanga. Mkuu mmoja mgeni aliwahi kumsifu kwamba Kiswahili chake ni kizuri kwa Mhindi. Bwana Gulam akamjibu kwa upole, "Ahsante, na chako pia kinaendelea vizuri," na Mwanaidi akatoka mbio kwenda kucheka ukumbini. Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona popote pengine. Kabla ya kuandika amri yoyote, alisimama. Aliisoma amri kwa sauti, kama mtu anayesomea wengine barua, kisha akakaa na kuiandika. Baada ya hapo alilivuta daftari la zamu, jalada jeusi, kurasa zimepigwa mistari kwa rula ya mkono wake, na kujaza safu nne: saa, amri, sababu, aliyejibu. Safu ya mwisho ilihitaji maelezo, nami niliyaomba wiki yangu ya kwanza.

Akanieleza kwamba amri yaweza pia kupigwa kwenye kadi na kutiwa ndani ya bunda, ikaingia pamoja na kazi. Msomaji anaisoma, mashine inaitambua kuwa ni amri, na hapo ndipo penye swali: nani ameitoa? Kwa hiyo Bwana Gulam aliiweka mashine kwa namna kwamba ikikutana na amri ndani ya kadi, iiandike kwenye konsoli na kuuliza, itekelezwe au isitekelezwe. Kisha ingoje.

"Ingoje mpaka lini?" nikamuuliza.

"Mpaka ijibiwe. Saa, siku, mwezi. Haina haraka hiyo, Bi Petua. Na aliyejibu aandike jina lake hapa. Amri isiyo na mtu nyuma yake mimi siitaki chumbani mwangu."

Jina langu ni Perpetua, lakini pwani ililipunguza tangu siku ya kwanza. Nikaitikia kwa heshima. Moyoni nikasema, mzee huyu anapenda kusumbuka.

Saa nne asubuhi tulikunywa chai kwenye chumba cha Mwanaidi, kwa kuwa mle kwa kompyuta hata punje ya mkate ilikuwa marufuku. Ilikuwa miaka ya foleni, sukari kwa kadi na sabuni kwa bahati, na bado meza ile haikukosa kitu. Bwana Gulam alileta kachori za mkewe kwenye kopo la biskuti. Mwanaidi alileta mihogo ya nazi iliyolala, na umbea ulioamka. Mimi nilileta njaa yangu. Kadi zilizokosewa hatukuzitupa. Tuliandikia orodha za sokoni, tukafungia bizari, na nasikia mtoto wa Mwanaidi alijifunzia a-e-i-o-u migongoni mwake. Nakumbuka siku moja Mwanaidi alimuuliza mzee kwa nini hachoki kusimama na kusoma, kusimama na kusoma, kama yuko mskitini. Akatafuna kwanza, akameza. "Mkono una haraka kuliko akili," akasema. "Nikiisikia kwa masikio yangu, mara nyingine naona kumbe ni upuuzi." Mwanaidi akamwambia basi amri za mume wake nyumbani zingefaa zisomwe hivyo, na angenyamaza wiki nzima. Tulicheka. Nilikuwa mdogo, na nilidhani tutakunywa chai ile daima.

Kichwa changu kilianza kuvimba katikati ya mwaka. Nilikuwa mwepesi wa kujifunza, hilo silikanushi hata leo, na ofisi kuu ilishaniandikia barua: kabla ya mwaka kwisha ningekwenda kozi ya mwaka mmoja na nusu nje ya nchi. Hakuna msichana wa Tanga aliyekuwa amepelekwa. Barua ile niliilaza chini ya godoro na kuisoma kila jioni kabla ya kula. Jioni nyingine nilisoma vitabu vya mashine, vile vinene ambavyo Bwana Gulam aliniazima, na ndani ya kimoja nikakuta kitu. Ile tabia ya kuuliza ilitokana na tarakimu moja tu, kwenye kadi ya kufungulia msomaji kila asubuhi. Bwana Gulam alitoboa namba mbili: andika amri, uliza, ngoja. Ukitoboa namba moja, mashine inaandika amri na kuitekeleza palepale, bila kumuuliza mtu.

Siku Mwanaidi alipokwenda kula, nikakaa kwenye mashine yake ya kutobolea na kujitengenezea kadi yangu ya kufungulia. Inafanana na ya mzee kwa kila kitu, isipokuwa tundu moja. Kuanzia hapo, zamu yangu ya asubuhi ilikuwa muziki. Amri zote za kuanzisha siku nilizipiga kwenye kadi na kuzipanga kwenye bunda moja. Nikibonyeza kitufe, mashine inajiamrisha: washa printa, anzisha majaribio ya mashine, funga majaribio. Nyuma kabisa ya bunda niliweka kadi mbili, moja ya kusimamisha kazi yoyote iliyoshika diski ya pili, na nyingine ya kuiachia diski hiyo ili niibadilishe. Kazi ya saa nzima ya kusimama na kusoma ikawa dakika ishirini, nami nikikaa mikono imekunjwa. Mwisho wa zamu naitoa kadi yangu, narudisha ya mzee kwenye kopo lake. Na daftari? Nilijaza safu zote nne baadaye, kwa kukumbuka, nikatia herufi P kwenye safu ya aliyejibu mahali ambapo hakuna aliyeulizwa. Sikuona kuwa ni uongo. Nilijiona mjanja.

Mwanaidi ndiye aliyenigundua, kwa kuwa alijua idadi ya kadi zake.

"Wee Petua, kadi zangu zenda wapi?"

Nikamwonyesha. Nilitaka mtu mmoja walau anione. Akatazama mashine ikijiandikia amri na kujitii, mkono shavuni.

"Mzee ajua?"

"Atajua nikirudi kozi. Nitakuwa mkubwa wake wakati huo," nikasema, nikacheka.

Mwanaidi hakucheka. "Mwambie, mwenzangu. Chumba chake kile. Hata mie nikipika jikoni kwa mtu hubisha hodi." Akaniacha hapo, na hakumwambia mtu. Baadaye nilitamani angesema, nikamlaumu moyoni kwa kunitunzia siri niliyomwomba aitunze. Ndivyo nilivyokuwa.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Nilifungua msomaji kwa kadi yangu, nikaweka bunda langu, na majaribio yakaanza. Kadi mbili za mwisho zilikuwa bado kwenye trei, zimesubiri zamu yao, na mimi nikatoka kwenda kunywa chai. Ni dakika kumi, nikajisemea, na mashine inajiendesha. Nikiwa na kikombe mkononi, bandarini wakaleta kadi za orodha ya kupakia meli, masaa manne kabla ya wakati wake, kwa kuwa nahodha alitaka kuondoka na maji ya jioni. Orodha ile ilikuwa na kila robota lililopimwa kwa wiki mbili: namba yake, daraja lake, shamba lilikotoka. Bwana Gulam hakuwa zamu. Alikuwa amepita tu kuchukua mwavuli wake. Lakini meli ni meli. Akavua viatu, akavaa sweta, akaliweka bunda la meli mbele ya kadi zilizokuwa kwenye trei, kama inavyopasa, na kukaa kwenye konsoli.

Nilirudi nikasikia msomaji akimalizia. Kazi ya meli ilikuwa imeanza, na diski ya pili, ambamo wiki mbili za marobota zilikuwa zinaandikwa, ilikuwa inazunguka kwa kasi. Hapo msomaji akameza kadi mbili za nyuma. Konsoli ikaandika mistari miwili. Bwana Gulam akasimama, kama kawaida yake, afungue kinywa asome. Hakuwahi. Mashine haikumuuliza. Ilisimamisha kazi ya meli katikati ya neno na kuiachia diski, na chumba kikawa kimya isipokuwa kiyoyozi.

Alibaki amesimama, kinywa wazi kidogo, mkono mmoja umeelekea konsoli. Kisha akaenda kwenye kopo lake, akaikuta kadi yake humo, haijatumika. Akaitoa iliyokuwa kwa msomaji, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akalisoma lile tundu. Akaitia mfuko wa shati, chini ya sweta. Ndipo akageuka akaniona mlangoni, na kikombe bado ninacho.

"Nani aliulizwa, Bi Petua?" akasema.

Hakupandisha sauti. Nilitazama vidole vya miguu yangu kwenye sakafu ile baridi. Alingoja. Sijui alingoja kwa muda gani, ila chai yangu ilipoa. Kisha akalivuta daftari na kuanza kuandika, akiwa amenipa mgongo.

Orodha haikuokoleka. Makuli wakashusha marobota yaliyokwisha kupangwa gatini na kuyapima upya moja moja juani, siku tatu, na meli ikangoja huku makao makuu wakipiga simu. Siku ya nne akaja Mkurugenzi. Tuliitwa ofisini kwa meneja, mimi na Bwana Gulam, tukasimama bega kwa bega mbele ya meza. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, suti yake imekunjamana kwa safari, na alitaka jina moja la kuandika kwenye ripoti.

"Ndugu Gulam, nani alitoa amri ile?"

"Chumba kile changu, Ndugu Mkurugenzi. Kinachotoka mle kimetoka kwangu."

"Hilo sijauliza. Nimeuliza nani alitoa amri."

"Nilikuwa nimekaa kwenye konsoli mimi. Mimi nilikuwepo."

Mkurugenzi akanigeukia. Nakumbuka feni ya darini ilikuwa inalia kila ikifika mahali fulani. "Na wewe, binti, una la kuongeza?"

Nilifikiria barua iliyo chini ya godoro. Nasema hivyo wazi kwa kuwa watu wakisimulia mambo yao hupenda kusema waliingiwa na hofu, wakashikwa na bumbuwazi. Mimi sikushikwa na kitu. Nilipima. Upande huu kozi, upande huu mzee ambaye kwa vyovyote ana duka la baba yake Ngamiani na hatakufa njaa. "Sina, Ndugu Mkurugenzi," nikasema. Bwana Gulam hakugeuza hata shingo.

Hawakumfukuza. Walimpeleka ghalani, chini, kusimamia vipuri vya malori. Akashuka na daftari lake, juu tukaanza jipya, na mtu aliyetumikia mashine ile tangu inashushwa melini hakuwahi tena kuvuka mlango wake. Tulikutana ngazini asubuhi. "Shikamoo, Bwana Gulam." "Marahaba, Bi Petua, umeamkaje?" Sauti ileile. Ghalani paliunguza kama tanuri, bati tupu bila dari, na hata hivyo alikuja kila siku na sweta ya kahawia, ameikunja vizuri chini ya kwapa. Nilidhani ni mazoea tu. Idi ilipofika akanitumia sahani ya tambi za sukari, zabibu juu, imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama alivyonitumia Idi ya kabla yake. Nikaiweka juu ya meza yangu Usagara nikaitazama. Nilijaribu tonge moja. Nyingine niliwapa watoto wa mwenye nyumba, nikaosha sahani, nikampa Mwanaidi airudishe kwa kuwa sikuweza kuirudisha mwenyewe. Mwezi uliofuata nikaondoka kwenda kozi.

Maisha yakaninyookea. Nimefanya kazi na mashine kubwa kwa miaka mingi Dar es Salaam, na karibu kazi yote ilikuwa ile niliyoianza kwa wizi Tanga: kuandika kazi ambazo zenyewe zinatoa amri, usiku na mchana, maelfu kwa maelfu, bila mtu kukaa kwenye konsoli. Ndivyo dunia ilivyokwenda, wala sioni vibaya. Ila kila mfumo nilioujenga niliuachia mahali pamoja pa kuuliza na kungoja. Vijana wa idara walinibandika jina la Mama Ndiyo-au-Hapana, na waliponiaga nastaafu waliliandika juu ya keki. Nilicheka pamoja nao nikapiga picha. Hakuna aliyeuliza tabia ile niliitoa wapi, na kama angeuliza ningedanganya.

Nilifika Ngamiani siku ya tano ya msiba. Duka limefungwa, baraza imefagiliwa, viatu vichache mlangoni. Nilivua vyangu. Shirini nilimwacha msichana wa shule mwenye misuko miwili. Sasa ana mvi na miwani minene kuliko yangu. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Pole." Tulikaa kwenye mkeka, akanimiminia chai ya tangawizi, akakata mkate wa sinia. Nikamwambia mimi ni Perpetua, niliyefanya kazi na baba yake. Akaacha kukata.

"Petua wa kompyuta?"

"Ndiye mimi."

Akaniangalia kidogo, akamalizia kukata, akanisogezea sahani. Akazungumza habari za ugonjwa, za hospitali, za jinsi alivyoondoka kwa utulivu. Kisha, bila mimi kuuliza, akasema, "Sweta yake tumeikuta kabatini. Wajua mpaka ofisi yafungwa alikuwa aibeba ghalani? Mama akimcheka, wenda jua kali na sweta ya nini? Akimjibu, huenda wakaniita leo juu mara moja, mle mna baridi." Akafuta kidevu kwa upindo wa mtandio. "Hawakumwita."

Nikakirudisha kipande cha mkate kwenye sahani. Nikamuuliza kama kuna daftari, jeusi. Akainuka, akarudi nalo limefungwa kwa kitambaa. "Siku ofisi yafungwa kila mtu kabeba kiti, kabeba feni. Yeye kabeba hili. Mama akakasirika mno." Nikalifungua mapajani. Karatasi zimekuwa rangi ya chai, na mle ndani mna mwaka wangu wote: G, G, P, G, P, P. Zile P za uongo nazo zimo, mwandiko wangu wa kijana, umejaa kiburi. Nikafika kwenye ukurasa wenyewe. Sikuwahi kuthubutu kuutazama, na kwa miaka yote niliamini kwamba pale alitia sahihi yake, kwamba alinibebea hata kwenye karatasi. Saa: nne na robo. Amri: simamisha kazi, achia diski ya pili. Sababu: hakuulizwa mtu. Na safu ya aliyejibu ilikuwa tupu. Mbele ya Mkurugenzi alinisitiri kwa mdomo, lakini daftari lake hakulidanganya. Kadi yangu yenye tundu lile moja ilikuwa imebanwa hapo, katikati ya kurasa.

"Ni mimi, Shirini," nikasema. "Amri ile niliitoa mimi. Mashine isiulize, ni mimi niliyeizuia. Baba yako hakukosa chochote. Nilisimama karibu naye nikaulizwa, nikasema sina la kuongeza, kwa sababu nilitaka kwenda kozi."

Hakuninyamazisha, wala hakuniambia yamepita. Nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili. Akalinyanyua birika, akanijazia kikombe.

"Mama amekufa akiamini baba alizembea," akasema. "Akimwambia, ungekuwa makini tungekuwa mbali. Miaka yote ile. Naye akinyamaza."

"Nisamehe."

"Mie si wa kusamehe hilo leo, mama. Sikudanganyi." Akaweka birika chini. Akanyoosha mkono kwenye rafu, akatwaa kalamu, akanipa.

Nikaandika jina langu kwenye ile safu. Sikutia herufi moja. Nililiandika lote, Perpetua, herufi zikapanda juu ya mstari. Nikamrudishia daftari. Shirini akalitazama, akaweka sawa miwani, na kisha akasimama. Akasimama wima katikati ya chumba, kama alivyosimama baba yake, akasoma kwa sauti mstari wote tangu mwanzo: saa nne na robo, simamisha kazi, achia diski ya pili, hakuulizwa mtu, aliyejibu, Perpetua. Akaliteremsha daftari.

"Ni sahihi?" akaniuliza, akangoja.

Nikamjibu ndiyo.